Barua ya wazi kwa mnaoshika hela ya dikea: ruhusa ya kuchagua tunayo, cha kuchagua hatuna

Waheshimiwa, shikamoni.

Nawaandikia nyinyi mnaosimamia ruzuku ya malezi ya watoto, hela inayosaidia wazazi kulipa dikea, yaani mahali mtoto analelewa mzazi akiwa kazini, kuanzia ofisi ya kaunti mpaka jimbo mpaka huko juu Washington, na nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndo lugha ninayoweza kusema jambo langu lote likaisha bila kumuomba mtoto anisaidie. Mtu wa kuwatafsiria mtampata. Na pia nataka kina mama wenzangu wa hapa kwenye apatimenti, na wa Lexington, wa Columbus, wa Des Moines, wa Phoenix, kote huko tulikotawanywa, waisome wenyewe, manake ninayoyasema sio ya kwangu peke yangu na humu ndani kuna haki zao ambazo wengi hawajawahi kuambiwa.

Mimi ni mama wa watoto wanne. Nilitoka Fizi kule Kongo nikiwa mdogo nimebebwa mgongoni, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, Tanzania, nikaolewa humo humo kambini, watoto watatu nimezalia humo na wa nne nilikuja naye Marekani akiwa tumboni. Baba yao bado yuko kambini, faili lake lilikuwa linaenda vizuri likasimama Januari 2025 wakimbizi wote waliposimamishwa, kwa hiyo kwenye nyumba hii wa kutafuta ni mimi na wa kurudi kupika ni mimi. Nafanya kazi wehausi, ghala la mizigo, napanga maboksi. Sijaja kulalamika kwamba kazi ni ngumu, kazi naiweza. Nimekuja kusema habari ya mtoto anakaa wapi mimi nikiwa kazini.

Niwashukuru kwanza. Bila hii ruzuku mimi nisingefanya kazi hata siku moja, dikea ya mtoto wa mwaka mmoja hapa mjini ingekula zaidi ya nusu ya mshahara wangu kabla sijalipa kodi ya nyumba. Kwa ambao hawajui: kuna mfuko wa serikali kuu unaitwa CCDF, sheria yake ni ya mwaka 1990 ikaja kuandikwa upya 2014, hela inatoka Washington inashuka kwa majimbo, kila jimbo linaongeza ya kwake na linaweka masharti yake, ndo maana ukimuuliza dada yako wa Texas na ukimuuliza wa Ohio watakupa majibu tofauti na wote wawili wanasema kweli. Mtoto awe chini ya miaka 13, mzazi awe anafanya kazi au anasoma au yuko kwenye mafunzo, na kipato cha familia kisivuke asilimia 85 ya kipato cha kati cha jimbo (kile ambacho nusu ya familia ziko juu yake na nusu ziko chini), japo majimbo mengi yameweka mstari chini ya hapo. Na jamani hili nalisema polepole: kwenye mambo ya makaratasi ya uhamiaji kinachoangaliwa ni mtoto, sio mzazi. Nawajua wamama ambao watoto wao wamezaliwa hapa hapa hospitali ya mjini na bado wanaogopa kuomba, wanaacha watoto kwa mtu yeyote anayepatikana asubuhi hiyo, kwa sababu hakuna aliyewaambia hivo kwa lugha wanayoisikia.

Sheria yenyewe ni nzuri, mimi sina ugomvi nayo. Inasema mzazi ana haki ya kupewa voucha, karatasi ya serikali ya kulipia dikea, akachague mwenyewe, akitaka dikea kubwa ya mjini sawa, akitaka nyumba ya mama anayelea watoto wachache sawa, akitaka dikea ya kanisa sawa, akitaka bibi au shangazi wa mtoto sawa. Inasema ukishakubaliwa unakaa angalau miezi 12 kabla ya kuhojiwa tena hata mshahara ukipanda kidogo katikati. Inasema ukipoteza kazi, jimbo likitaka kukukata lazima likuache angalau miezi 3 utafute nyingine. Hata hivyo watoto wengi mno wanaostahili hawaipati, ukihesabu kwa vigezo vya serikali kuu wanaoipata hawafiki hata mmoja kati ya watano, na sisi tulioipata tunajiona tuna bahati. Ila nataka niwaonyeshe hiyo kuchagua inavyokuwa ukiwa huku chini.

Nilipokubaliwa mara ya kwanza nilikuwa bado shifti ya mchana. Nikapewa karatasi ya majina ya dikea, majina 38, anwani na namba za simu basi. Haikuandikwa nani ana nafasi, nani anapokea ruzuku sasa hivi, nani anafungua saa ngapi. Nikapiga simu zote 38 kwa siku nne, wakati wa breki, nimesimama karibu na mashine ya soda, kidole kimoja kwenye sikio kwa sababu ya kelele za mashine, na majibu nikawa naandika nyuma ya karatasi. Kumi na saba walisema hawapokei ruzuku. Kumi na mbili walisema wanapokea lakini nafasi za ruzuku zimejaa, niandikwe foleni. Sita hawakupokea simu kabisa. Wakabaki watatu. Ile karatasi ninayo mpaka leo, imeshaanza kuchanika kwenye mikunjo, mkitaka nitawaletea.

Mwanzoni nilidhani ni dharau, kwamba wakisikia Kiingereza changu wanakataa. Wengine pengine ndivyo. Lakini kuna mama mmoja mwenye dikea, katika wale kumi na saba, alikuwa na subira na mimi akanieleza taratibu mpaka nikaelewa. Alisema zamani alikuwa anapokea. Malipo ya serikali yalikuwa yanakuja nyuma, anamlea mtoto mwezi mzima ndo anangoja hela, mtoto akiumwa wiki nzima ile wiki hailipwi wakati mwalimu yupo na kodi ya jengo iko pale pale, na bei yenyewe iko chini ya ile wanayolipa wazazi wengine. Akasema, dada, mimi nawapenda hao watoto lakini walimu wangu nao wana watoto wao. Nikakosa cha kumjibu. Tangu siku hiyo siwalaumu wenye dikea kama nilivyokuwa nawalaumu.

Na nyinyi hili mnalijua, ndo linaniuma. Serikali kuu yenyewe kwa miaka mingi imekuwa ikisema kiwango kizuri cha kulipa ni kile kinachofungua mlango wa dikea tatu kati ya nne za eneo hilo, na majimbo mengi hayafiki hapo. Kanuni ya mwaka 2024 iliyataka majimbo yalipe mapema, yalipe kwa mtoto aliyeandikishwa badala ya kuhesabu siku alizokuja, na mchango wa mzazi usizidi asilimia 7 ya kipato cha familia. Majimbo mengi yakaomba kuongezewa mda. Waheshimiwa, huo mda mnaoongezewa nyinyi, mtoto anakua ndani yake. Wa kwangu alikuwa na miezi minane nilipoanza kupiga simu, sasa anakimbia.

Basi nikaenda kuziangalia zile tatu. Ya kwanza sikufika, basi halifiki kule. Ya pili nilifika saa nne asubuhi bila kuwaambia kwamba nakuja. Ukutani kuna vyeti vimewekwa kwenye fremu nzuri, harufu ya jiki imejaa mpaka macho yanawasha, na chumba cha wadogo nikakuta watoto sita wamefungwa mikanda kwenye vile viti vya kubembea, wote wameelekezwa kwenye tivii, mmoja kamasi imekauka imeshuka mpaka mdomoni na hakuna anayeiona. Hakuna aliyekuwa analia. Hilo ndo lilinitisha, watoto sita na hakuna anayelia wala anayecheka. Nikasema asante nikatoka.

Ya tatu nilikuta mwalimu amepiga magoti chini, macho yake na ya mtoto yako sawa, anamvua soksi iliyolowa huku anamwimbia kawimbo ka vidole. Alipomaliza akaenda kunawa mikono kwa sabuni, akajifuta, ndo akamshika mwingine. Hakujua kama kuna mtu mlangoni. Nilisimama pale nikaona nimeshapata. Sikuelewa nusu ya karatasi nilizosaini siku hiyo lakini zile mikono zilizonawa nilizielewa.

Kina mama, niwaambie hapo hapo. Sheria inakupa ruhusa ya kuingia dikea yoyote inayopokea hii hela, saa yoyote mtoto wako akiwa ndani, sio lazima upige simu kwanza. Ukikatazwa kuingia, chukua mtoto wako uondoke. Dikea yenye leseni inatakiwa ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka bila kuambiwa, na ripoti ya ukaguzi jimbo linatakiwa liiweke kwenye intaneti kila mtu aione, na kuna namba ya simu ya kupeleka malalamiko. Kila mtu mzima anayefanya kazi pale anatakiwa awe amechukuliwa alama za vidole. Hayo yote nimeyajua mwaka wa pili, kwa kuambiwa na mfanyakazi wa kanisani, sio ofisi. Ripoti zipo kweli, nimeziona kwenye simu yangu, ila ziko kwa Kiingereza, na ile dikea ya viti vya kubembea ilikuwa imeandikwa makosa ambayo mtoto wangu wa shule alinisomea miezi kadhaa baada ya mimi kuikataa kwa macho yangu. Mama ambaye hakupata bahati ya kufika saa nne asubuhi angejuaje?

Ile niliyochagua nilikuwa nalipa mchango wangu wa ruzuku, na juu yake dola 35 kila wiki, ile tofauti ya bei yao na bei ya jimbo. Nililipa. Mtoto alikuwa anarudi na rangi kwenye vidole, ameshiba, ananiimbia ule wimbo. Nilikuwa naenda kazini kichwa kimetulia, na bosi wangu aliniambia nimekuwa wa kasi kuliko zamani.

Halafu ikaja barua.

Kurasa 14, Kiingereza mwanzo mwisho, kwenye bahasha nyeupe kama zile bahasha zote zinazokuja hapa kila siku, za bima, za magari, za watu wanaotaka kukukopesha. Niliiweka juu ya friji pamoja na zingine. Nakiri niliiweka. Jumapili baada ya kanisa binti yangu mkubwa, ana miaka 11, ndo karani wa nyumba yetu, akazishusha akaanza kunisomea moja moja, hii tupa, hii tupa, hii ya shule. Alipofika ile akawa anasoma kwa kidole, anatafsiri, kidole kikafika mahali kikasimama. Akanyamaza. Nikamwambia sema. Akasema mama, walitaka makaratasi ya mshahara, tarehe imeshapita siku nne. Na mimi nikaona uso wake, kwamba anajiona yeye ndo amekosea, amechelewa kusoma. Mtoto wa miaka 11. Waheshimiwa, huo uso sijausahau na ndio ulionifanya niandike hii barua.

Ukurasa wa mwisho kuna orodha ya lugha, mstari mmoja mmoja, kwamba piga namba hii upate mkalimani. Kiswahili kipo, kule chini. Nikapiga Jumatatu asubuhi, dakika 50 nasikiliza muziki, akapokea mtu, nikasema "Swahili please", akasema subiri, laini ikakatika. Nikapiga tena, breki ikaisha. Jumanne hivo hivo. Jumatano nilipomfikisha mtoto dikea, mkurugenzi akatoka nje akanivuta pembeni ili wazazi wengine wasisikie, akaniambia malipo yamesimama, na yeye hawezi kumpokea bila malipo, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilimshukuru kwa kunivuta pembeni.

Kufungua faili upya ilichukua wiki tano. Ndani ya wiki tano mtoto nilimpeleka kwa huyu, kwa yule, siku nyingine nilibaki naye. Kazini kwetu ukikosa shifti bila ruhusa unaandikiwa poiti, na poiti zikijaa unarudisha baji. Nilikuwa nimebakiza moja. Nafasi yangu ya mchana ikapewa mtu mwingine, nikaambiwa ya usiku ipo kama naitaka. Nikaichukua, ningefanyaje. Na dikea nayo nafasi ya mtoto wangu walishampa mwingine, siwalaumu, hawawezi kuacha kiti kitupu.

Kwa hiyo sasa naingia saa 12 jioni natoka saa 10 na nusu alfajiri. Ruzuku ninayo tena mkononi, voucha ni halali kabisa, na nikichukua ile karatasi ya majina 38 hakuna hata moja inayofungua usiku. Hata moja. Zinafungua saa 12 asubuhi zinafunga saa 12 jioni, yaani dakika ile ile ninayotakiwa niwe nimeshagonga kadi. Hapa kwenye apatimenti zetu nikihesabu milango naona karibu nusu ya wamama wako usiku, wengine viwanda vya nyama, wengine wanasafisha maofisi, wengine wanalea wazee wa watu kwenye nyumba za wazee. Mji huu usiku unaendeshwa na sisi, na watoto wetu usiku hawana mahali.

Kilichoniokoa ni mama mmoja wa ngorofa ya chini. Yeye tunamwita mama mkubwa wote, hata wasio ndugu. Kule Nyarugusu alikuwa mkunga wa jadi, hapa amelea nusu ya watoto wa jengo hili. Watoto wangu wanashuka kwake na mablanketi yao, wanakula ugali na sombe, wanaoga, anawalaza, wachanga anawalaza chali kama inavyotakiwa, na saa 11 alfajiri nikija kuwachukua namkuta amekaa kwenye kiti karibu na mlango hajalala vizuri mpaka aone nimerudi. Anawasemesha Kiswahili na Kibembe. Yule wangu mdogo amejifunza kusema shikamoo kwake.

Huyu mama mkubwa kwa sheria yenu angeweza kulipwa. Sio ndugu wa damu kwa hiyo hawezi kupita mlango wa bibi na shangazi, lakini mlango wa mlezi wa nyumbani upo. Alitaka kuupita. Alijaribu mara mbili. Alama za vidole zake na za kijana wake mkubwa anayeishi naye, sawa, walienda, mabasi mawili kwenda mawili kurudi. King'ora cha moshi na mtungi wa kuzimia moto alinunua kwa hela yake. Barua ya mwenye nyumba aliipata. Pale alipokwama ni mafunzo, yale ya usalama, namna ya kumlaza mtoto mchanga, huduma ya kwanza, kutomtikisa mtoto, dawa zikae wapi. Mambo ambayo mengi yake anayafanya kila siku. Yalikuwa kwenye kompyuta, kwa Kiingereza, kila ukimaliza sehemu kuna maswali ya kujibu, na ukikosea unarudi mwanzo. Nilikaa naye usiku wangu wa mapumziko tukamwita binti yangu tena atusomee. Mama mkubwa akawa anajibu kwa Kiswahili sahihi kabisa, jibu lenyewe, ila binti akawa hajui achague sanduku gani kwa sababu maneno yamekaribiana. Tukarudi mwanzo mara tatu. Mara ya nne mama mkubwa akafunga kompyuta taratibu akasema mwanangu, kalale, kesho una shule.

Mimi sisemi mafunzo yaondolewe. Msiyaondoe. Nimeona watoto wamefungwa kwenye viti, najua kwa nini sheria ipo, na mtoto akifa usingizini hakuna lugha ya kumrudisha. Ninachosema ni kwamba yafundisheni kwa Kiswahili. Kanisa letu lina ukumbi, Jumamosi uko wazi, lipeni mtu mmoja anayejua kazi hii na anayejua Kiswahili, wawekee wanasesere wale wa kujifunzia kubonyeza kifua, na mashine ya alama za vidole ije siku hiyo hiyo. Ndani ya mwezi mmoja jengo hili peke yake litakuwa na walezi wenye karatasi halali, wanaokaguliwa, wanaolipwa, na wanaofungua usiku. Sasa hivi mama mkubwa namlipa mimi, kidogo ninachoweza, na voucha yenu iko kwenye droo.

Msiniambie dikea ya usiku haiwezekani kwenye nchi hii, manake ilishafanyika. Mwaka 1943, wakati wa vita kuu ya pili, kwenye viwanda vya meli vya Kaiser pale Portland, Oregon, zilijengwa dikea mbili mlangoni kabisa mwa kiwanda kwa hela ya serikali kuu. Zilikuwa wazi usiku na mchana kwa sababu meli zilikuwa zinaundwa usiku na mchana na mama walikuwa humo wanachomelea vyuma. Zilikuwa na walimu waliosomea, zilikuwa na nesi, na mama akitoka shifti aliweza kununua chakula kilichoshapikwa akabeba na mtoto wake akaenda nyumbani. Niliposomewa hilo niliomba nisomewe tena. Mtoto na chakula mlangoni! Vita vikaisha 1945 wakazifunga. Mwaka 1971 Bunge likapitisha sheria ya dikea kwa nchi nzima, rais Nixon akaikataa. Kwa hiyo kujua mnajua, na hela mliipata pale mlipowahitaji hao mama. Maboksi ninayopanga mimi usiku ndo yanafika milangoni kwa watu asubuhi, nadhani hata kwenu. Tunahitajika na sisi.

Na kuhusu lugha, hili sio ombi la huruma. Sheria ya haki za raia ya 1964 inasema anayepokea hela ya serikali kuu asimbague mtu kwa asili ya taifa lake, na mwaka 1974 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani kwenye kesi ya watoto Wachina wa San Francisco ilitumia sheria hiyo hiyo kusema kuwaweka darasani bila kuwasaidia lugha ni kuwanyima. Ile amri ya rais ya mwaka 2000 iliyohusu watu wasiojua Kiingereza vizuri ilifutwa Machi 2025, nimeambiwa, lakini ya 1964 iko pale pale, na kanuni za huu mfuko wa dikea zenyewe zinayataka majimbo yafikishe habari kwa familia zinazosema lugha nyingine. Mnajua mtu wa kaya yangu anasema lugha gani. Kwenye fomu ya kwanza kabisa mliniuliza, nikaandika Kiswahili kwa herufi kubwa. Mmeandika kwenye mashine yenu. Sasa mashine ikijua mimi ni Kiswahili, kwa nini inatoa barua ya Kiingereza? Sio lazima kurasa 14 zote. Wekeni karatasi moja juu, mistari mitano: hii ni barua ya kuendelea na dikea, tunataka makaratasi haya, mwisho tarehe hii, usipoleta tutakata, piga hapa. Au tumeni meseji kwenye simu, au sauti ya WhatsApp, kila mama hapa anayo, hata asiyejua kusoma anasikiliza. Na anayechelewa siku nne msimkate siku ya tano, mpigieni kwanza mumuulize kuna nini, manake kumkata mnamaliza kwa siku moja na kumrudisha ni wiki tano, kazi ya mtu imeshaondoka humo katikati na kiti cha mtoto kimeshaondoka.

Na ile orodha ya majina. Yule anayeiandaa aitembelee. Aandike nani ana nafasi mwezi huu, nani anapokea ruzuku kweli, nani anafungua saa ngapi, nani ana mtu anayesema Kiswahili hata mmoja. Kazi iliyonila siku nne za breki zangu ingekuwa ya saa moja tu kwa mtu aliyekaa ofisini mwenye simu na kiti.

Na wale kumi na saba waliokataa, walipeni vizuri na walipeni kwa wakati. Hilo nyinyi wa jimbo na wa Washington mnaliweza, mimi siliwezi. Yule mama aliyenieleza kwa subira angefungua mlango kesho, aliniambia mwenyewe.

Faili langu linatakiwa lihuishwe tena mwezi wa pili. Naingoja hiyo bahasha, safari hii nimeweka kikapu mlangoni, kila kilicho na nembo ya serikali kinakaa humo, lakini binti yangu nimemwambia asome vitabu vyake vya shule, hii ya serikali tutaitafutia mtu mzima. Mkitaka kunipigia, nalala kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Pigeni baada ya saa nane, na mniwekee mtu wa Kiswahili kwenye laini kabla simu haijaita.

Mama wa watoto wanne, shifti ya usiku